Siku ya Tano katika Daftari la Bibi

Watu wakiniona na kishikwambi mkononi hudhani nimeleta msaada, au nimekuja kukadiria kodi. Mimi ni mdadisi wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Kazi yangu ni kuuliza kaya imekula nini, imelipia nini na imevipata wapi vyote hivyo. Serikali ilipotangaza kwamba mwaka 2017/18 asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, takwimu hiyo ilitokana na maswali ya namna hii, yaliyoulizwa nyumba kwa nyumba. Siku ninayoisimulia ni ya Desemba, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma.

Saa 11:00 alfajiri nimeshaamka, kwa kuwa mvua za kwanza zimenyesha na kila mwenye nguvu huondoka mapema kwenda kupanda uwele. Mwenyekiti wa kitongoji ananisindikiza, na kaya mbili za mwanzo zinakamilika bila shida.

Saa 3:00 asubuhi nafika kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Kila kaya huandika matumizi yake kwenye daftari kwa siku 14, na kwa kuwa bibi hajui kusoma, anayemwandikia ni mjukuu wake wa darasa la sita. Nafungua siku ya tano na kukuta maneno matatu: “Tulikula kama jana.” Jana yenyewe imeandikwa “ugali na mlenda”, bila kipimo.

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Bibi hupimia unga kwa kopo la rangi, basi nikaning’iniza mzani kwenye boriti ya jikoni na kumwomba alijaze kama anavyolijaza kila jioni. Alilijaza, akausawazisha unga kwa kiganja, kisha akachota konzi moja na kuirudisha kwenye kiroba. “Mwezi huu tunapunguza,” akasema. Konzi ile ndiyo sababu utafiti huu hufanywa kwa miezi 12 mfululizo, kwani anayepima baada ya mavuno peke yake hataiona njaa ya Desemba. Mlenda nao ulichumwa porini, na mtoto hakuuandika kwa kuwa haukununuliwa. Nikamweleza kwamba chakula cha kuchuma, cha kulima na cha kupewa vyote huhesabiwa, kisha tukaanza upya kuanzia siku ya kwanza.

Kwenye siku ya tatu paliandikwa sukari nusu kilo. Nikauliza fedha zilitoka wapi. Bibi akainuka kwenda kuwafukuza kuku, na aliporudi akaniambia, “Futa hiyo sukari, mjukuu wangu.”

Nilimwomba anieleze sababu. Yeye ni mnufaika wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na anaamini kuwa ikijulikana ametumiwa fedha na mwanawe, jina lake litaondolewa. Nilimweleza kwamba walengwa wa mpango ule hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji na kuhakikiwa kwa dodoso jingine kabisa, na kwamba mimi nimeapishwa kutunza siri ya kila kaya. Alinisikiliza kwa heshima, lakini hakuniamini, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu anayeishi kwa ruzuku inayolipwa kila baada ya miezi miwili ana haki ya kumwogopa kila aliyeshika kalamu. Hata hivyo sikuweza kuifuta. Mstari wa umaskini wa mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Kwa kaya iliyo karibu na mstari kama huo, sukari inayofichwa na mlenda unaosahauliwa vinatosha kuifanya ionekane maskini kuliko ilivyo, na sera inayopangwa kwa takwimu hizo itakosea tangu mwanzo.

Sikumbuki vizuri saa zilizofuata. Jua lilihama, tukahamisha mkeka mara mbili, mtoto mdogo akalala mapajani mwangu, nami nikaeleza jambo lile lile kwa maneno mengine hadi koo likakauka. Alasiri bibi akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe anaendesha bodaboda Dodoma mjini na alimtumia shilingi 20,000. Niliandika, nikamsomea nilichoandika, akatikisa kichwa kukubali.

Usiku nilipanda kichuguu kilicho nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao, kutuma kazi ya siku. Msimamizi akauliza kwa nini kaya moja imenichukua muda mrefu hivyo, nami nikamwandikia habari ya konzi ya unga. Miguu inaniuma, na betri imebaki kidogo. Nimemnunulia mjukuu wa bibi kalamu mpya, kwa sababu siku ya sita bado haijaandikwa.