FSCrawler haioni faili zilizohamishwa: jinsi nilivyotatua

Hatimaye imekaa sawa FSCrawler, programu inayosoma faili za folda na kuziingiza kwenye injini ya utafutaji ya Elasticsearch. Dalili ilikuwa hii: faili mpya zinapatikana kwenye utafutaji baada ya dakika 15 kama kawaida, ila PDF za zamani zilizohamishiwa kwenye folda kwa `mv` (amri ya kuhamisha faili) hazionekani kabisa kwenye utafutaji, na logi haina kosa lolote. Kuwasha huduma upya hakukusaidia, wala kulegeza ruhusa za folda.

Kiini ni tarehe. FSCrawler huandika muda wa mzunguko wa mwisho wa kukagua folda kwenye `~/.fscrawler/jina_la_kazi/_status.json`, kisha huchukua faili zenye tarehe ya baada ya hapo tu. `mv` haigusi tarehe: ripoti ya 2019 hubaki ya 2019 hata ikihamishwa leo. Linganisha tarehe inayotolewa na `stat ripoti.pdf` na `lastrun` iliyo kwenye `_status.json` utaona.

Kilichofanya kazi ni kuzipa faili hizo tarehe ya sasa kwa `touch`:

`find /srv/nyaraka/zamani -type f -exec touch {} +`

Kisha subiri mzunguko unaofuata. Angalizo muhimu: `touch` hufuta tarehe halisi ya faili. Kama watu wako wanatafuta kwa tarehe, usitumie `touch`: simamisha kazi ya FSCrawler, kisha endesha `bin/fscrawler jina_la_kazi --restart`. Itasoma folda yote upya, kwa hiyo ghala likiwa kubwa ifanye usiku.