Siku Moja Maishani Mwangu: Miavuli, Mawe na Dumu la Maji

Saa 11 alfajiri

Nimeshaswali. Nalitaja mwanzo kwa sababu wapo wanaodhani mcheza ngoma wa Unguja huamka jua limepanda, macho mekundu. Mimi naamka na adhana kama jirani zangu wote wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa mjini Unguja, naswali, nawasha jiko, nateleka chai. Halafu nafungua simu, na hapo leo inaanza kuharibika.

Kuna ujumbe wa sauti kwenye kundi la mtaa. Umeshapitishwa mikono mingi, haijulikani ulikotoka. Kijana anasema leo alasiri "mashetani ya mjini" yanakwenda kutia najisi harusi ya kijiji fulani Kaskazini, na vijana wenye imani wasikae majumbani. Kijiji ndicho tunachokwenda. Mashetani ndio sisi, wanawake wa ngoma ya ndege na miavuli yetu.

Mama ameusikia kutoka chumbani. "Usende, mwanangu." Naye ujanani alicheza ndege, tena kwenye harusi za watu wa dini hasa. Anasema zama hizo shekhe mwenye kuozesha akila pilau upande wa wanaume, ngoma ikilia upande wa wanawake, na hakuna aliyeona ajabu. Nampa chai na mkate wa kumimina. Jibu simpi.

Saa 2 asubuhi

Simu. Watu hudhani ngoma ni miguu na mabega, kumbe sehemu kubwa ni kupiga simu na kubeba karatasi. Kikundi chetu kimesajiliwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa kijiji tunachokwenda, tunayo. Sheha mwenyewe anaupokea wito wangu kwa sauti ya mtu asiyetaka mambo makubwa: "Njooni, lakini magharibi isikukuteni mnapiga." Hilo hakuwa na haja ya kutufundisha. Ngoma yetu husimama adhana ikianza, na haijawahi kuwa vingine tangu enzi za bibi zetu.

Baba wa bi harusi namwuliza waziwazi kama anataka tuahirishe. "Mimi nimelipa, na uwanja wangu," anajibu. Nyuma yake nasikia watu wanakuna nazi.

Saa 4

Mazoezi, uani kwa Bi Mkubwa wetu. Kwa asiyeijua ndege: ni ngoma ya wanawake, ya arusini. Tunavaa gauni ndefu za sare, ushungi kichwani, mwavuli mkononi. Tunajipanga safu na kwenda mbele polepole, hatua moja kwa wote, na uzuri wake wote umo katika kule kutokwenda haraka. Msichana mgeni huona ni rahisi mpaka magoti yaanze kumtetemeka. Kinachoonekana mwilini ni uso na viganja. Nayasema haya kwa sababu ule ujumbe wa sauti umetaja "wanawake uchi" mara kadhaa.

Kiuno kipo, ndiyo, kwenye unyago. Lakini unyago huchezwa ndani, mlango umefungwa, wanawake kwa wanawake. Wanaume wanaoulalamikia sana hawajauona na hawapaswi kuuona. Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, alizitoa ngoma zile nje zikapigwa mbele ya majukwaa ya dunia, na mpaka leo kikundini kwetu tunabishana kama alifanya vyema. Mimi nasema alifanya vyema. Bi Mkubwa anasema ya ndani yangebaki ndani. Kwa hiyo msidhani sisi sote ni kauli moja.

Saa 7 mchana

Tumekula wali na mchuzi wa pweza, na kijana wetu anayepiga chapuo, ile ngoma ndogo, aliyeoa majuzi, anauliza swali ambalo najua limemkaa tangu asubuhi: kwani ni haramu kweli?

Maalim wetu, anayepiga zumari na ambaye ujanani alikuwa akikaa safu ya Maulidi ya Homu, wanaume wa kanzu na kofia wamepiga magoti wanayumba pamoja kwa dufu, hakimbilii kujibu. Anaanza na Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini kwa Mtume siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama. Hadithi iko kwa Bukhari, anayetaka akafungue. Kisha anakuja kwetu pwani. Habib Swaleh wa Lamu, aliyeuanzisha Msikiti wa Riyadha, alisomesha watu ambao mji ulikuwa hauwahesabu na akaingiza matari katika maulidi. Wakubwa wa mji wakampinga sana. Leo watu hupanda mashua kwenda Lamu kwenye maulidi hayo.

Kijana anasema wenzake wa mtaani humjibu kwamba dufu ni dufu, chapuo ni jambo jingine, na wanawake barabarani ni jambo la tatu. Maalim anakubali kuwa wanazuoni wamehitalifiana, na kwamba mtu mwenye kuona ni haramu ana haki ya kutohudhuria na kumkataza mwanawe. Nampenda kwa hilo. Mtu anayeniambia "dada, mimi naona unakosea, nakuombea" sina ugomvi naye. Ninao shangazi wa aina hiyo na tunakula sahani moja. Ninayemwogopa ni yule mwenye jiwe.

Saa 9

Gari ya kukodi, ngoma nyuma, miavuli miguuni, na madumu mawili ya maji chini ya kiti cha dereva. Maji yale si ya kunywa. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali hapa mjini akiwa kwenye mazoezi yake ya asubuhi. Mwaka uliofuata wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea wakamwagiwa Mji Mkongwe. Tangu hapo Bi Mkubwa hasafiri bila maji, na kila anayejiunga nasi hufundishwa kwanza: mimina mengi, upesi, usipanguse. Hatua za ndege baadaye.

Njiani mdogo wetu, msichana mdogo kuliko sote kikundini, ananionyesha kwenye simu kipande cha Sheema Kermani, mcheza ngoma wa Pakistan. Februari 2017 mtu alijilipua kwenye kaburi la walii Lal Shahbaz Qalandar, mjini Sehwan, watu wakiwa kwenye dhamal, ngoma ya Masufi, wakafa zaidi ya 80. Siku chache baadaye mama yule akaenda kucheza palepale. "Wewe ungekwenda?" ananiuliza. Namwambia ningeuliza kwanza nani atalipa ada ya skuli ya wanangu.

Saa 10 na nusu

Ngoma zimeshakanzwa kwa moto wa makuti, ngozi zimekaza. Tumeanza na kibati, ya Kipemba, maneno ya mbio na vichekesho, na kina mama wa kijiji wanacheka hasa. Ndege inaingia. Tumefika katikati ya uwanja, wanakuja.

Ni vijana ishirini hivi, na pikipiki iliyofungwa spika. Wanafungulia mawaidha ya kurekodi kwa sauti yote. Wapigaji wetu wangeweza kushindana nao, lakini Maalim anawapa ishara wapunguze, kwa kuwa kuipigia ngoma juu ya jina la Mungu hatuwezi, hata likitumiwa kama fimbo. Ngoma inashuka mpaka tunaisikia kwa nyayo kuliko masikio. Bi Mkubwa anashika hatua kwa mwavuli wake: juu, chini, juu. Tunaendelea. Ninafikiri ndiyo ndege nzuri kuliko zote nilizocheza mwaka huu, na inanikera kwamba ilihitaji watu wale.

Halafu mawe. Ya kwanza yanapiga bati la jirani, makelele makubwa, watoto wanalia. Moja linapasua mwavuli wa mwenzangu wa kulia. Ngoma inasimama yenyewe. Na hapo inaruka chupa, inapasuka karibu na miguu ya mdogo wetu, maji maji yanamrukia mpaka gotini.

Yeye hakupiga kelele. Amekaa chini na kuanza kuvua soksi, mikono haishiki. Wawili tumeshafika na dumu, tunammiminia, tunammiminia, tope mpaka kwenye gauni, mpaka Bi Mkubwa anainama, ananusa na kusema: "Soda. Ni soda, mwanangu." Tunaendelea kummiminia hata hivyo.

Hapo mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani kijijini, anatoka barazani na bakora yake. Hatusemi neno sisi. Anawaendea vijana na kuwaita mmoja mmoja kwa majina, na majina ya baba zao. "Nani kakutumeni? Aya gani niliyokusomesheni ya kuwapiga mawe mama zenu?" Wengine wanatazama chini. Wengine, ambao si wa pale, wanamjibu kwamba yeye ni mtu wa bidaa, mzushi katika dini, kama sisi. Mzee anapigwa na butwaa. Nadhani hajawahi kujibiwa hivyo na mtoto. Pikipiki inarudi nyuma mpaka barabarani, spika inaendelea kuunguruma. Walinzi wawili wa ulinzi shirikishi wamesimama kwenye mwembe muda wote huu, nao wanasema wanasubiri maelekezo.

Saa 12 jioni

Adhana ya magharibi. Tumeswali uani kwa bi harusi, pamoja na bibi yake, ambaye ametulazimisha tumalizie safu moja ya mwisho ndani, bila ngoma, kwa makofi tu. Pilau imefungwa kwenye ndoo tuondoke nayo. Mdogo wetu hataki kula. Anasema pengine atarudi kushona, na hakuna aliyembishia.

Saa 3 usiku

Hoteli ya pwani ya mashariki. Ngoma ya msewe, ya wanaume, vikasha vya ukindu vikilia miguuni, wageni wanapiga picha, dakika arobaini, kwaheri. Msimamizi kauliza tena kama wanawake wanaweza kuvaa "kitu chepesi zaidi". Nimemwambia hapana, kama nilivyomwambia mara iliyopita. Siku moja ningependa msimamizi yule na kijana wa spika wakae meza moja, kila mmoja amweleze mwenzake gauni langu linatakiwa liweje.

Saa 5 usiku

Mgao wa fedha. Mwavuli uliopasuka umekatwa kwenye fungu la wote. Video ya alasiri imeshaingia kwenye kundi la mtaa, imekatwa vizuri: tunaonekana tukicheza, mawe hayaonekani. Shangazi yangu ameandika chini yake, "Huyo ni mtoto wa ndugu yangu, na kavaa kuliko nyinyi." Wifi yangu ameondoka kundini.

Kuna ujumbe mwingine, wa mwanamke wa kijiji kilekile. Anaoza binti yake mwezi ujao. Anataka ndege, ila anauliza kama tunaweza kuchezea ndani, na kama hapo bei itapungua. Nimemjibu kwamba bei ni ileile, ndani au uwanjani, na sheha tutamwona mapema. Kisha nikamwuliza anataka sare ya rangi gani.