Sato wangu wameanza kulisha mchicha

Leo asubuhi hapa Nyegezi, Mwanza, nimesimama uani na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Wiki 6 zilizopita niliunganisha pipa la lita 200, pampu ndogo na beseni la kokoto. Nikaweka vifaranga 10 tu wa samaki aina ya sato pipani, na mchicha kwenye kokoto.
Maji yao yanapanda kwenye kokoto, bakteria wanageuza amonia (uchafu wa samaki) kuwa naitreti (chakula cha mimea), mboga zinakula, maji yanarudi pipani.

Mwanzoni mchicha ulikuwa wa njano kabisa. Kumbe bakteria wanahitaji muda wa kuzaliana!

Leo nimeng'oa mche mmoja.
Mizizi myeupe, mirefu kama kiganja, imekumbatia kokoto.
Mama akaishika, akainusa.
"Mbona haina shombo?"

Nimefurahi mno jamani. Umeme ukikatika usiku, nyie pampu mnaiendeshaje?