Fuko kwenye bustani yangu Nzuguni, Dodoma: nilipofikia

Januari. Mvua imekolea, udongo mwekundu umelainika, na fuko kachachamaa. Kila asubuhi nakuta vifusi vipya kwenye ukoka mbele ya nyumba, vimefuatana hadi kwenye matuta ya viazi vitamu. Tuta la mwisho matembele yamenyauka ilhali ardhi imelowa. Nikavuta shina, likaja bila kazi: chini hamna kitu. Kiazi kimoja kilichosalia kimegugunwa ubavuni, na alama za meno zimekaa kama za patasi.

Video nyingi za kufukuza fuko zinatoka Ulaya na Marekani, na mnyama wa kule si huyu. Yule anakula minyoo na wadudu, ndiyo maana wengine humwagia nyasi dawa ya kuua funza. Fuko wetu ni jamaa ya panya, chakula chake ni mizizi na viazi. Dawa ya wadudu haimhusu hata kidogo. Sumu nayo siitaki: kuku wa majirani wanazurura hapa kutwa, na bundi akila fuko mwenye sumu naye anaumia.

Februari. Mzee jirani, Mgogo aliyelima tangu utoto, ndiye aliyenipa ufunguo: "Mwanangu, fuko hapendi njia yake iingie upepo. Wewe ifungue, atakuja mwenyewe kuiziba." Tukachimba pembeni ya kifusi kibichi mpaka tukaikuta njia. Tukaweka kitanzi cha waya mdomoni mwa shimo, tukakifunga kwenye fito iliyopindwa, na kuizuia kwa kijiti kilichosimama katikati ya njia. Fuko anakuja akisukuma udongo, anakiangusha kijiti, fito inafyatuka.

Kesho yake fito ilikuwa imesimama wima. Nilimtazama kwa muda mrefu. Manyoya laini ya kijivu yenye kung'aa, macho madogo mno, na meno yametokeza nje huku midomo imefumba nyuma yake. Hivyo ndivyo anavyochimba kwa meno bila udongo kumwingia kinywani. Mnyama wa ajabu kweli. Ningekuwa na shamba kubwa ningemwachia kona yake.

Machi. Vifusi vimepungua, lakini njia iliyobaki tupu fuko mwingine huhamia, kwa hiyo nazibomoa kwa jembe kila ninapoziona. Tuta moja nimelifukua lote, nikatandika wavu wa waya wenye matundu madogo na kuukunja kingo ziinuke pembeni, kisha nikarudisha udongo. Nyasi zote siwezi kuziwekea wavu, gharama yake haibebeki. Huko ni mitego tu, na ni lazima niwahi kabla ya kiangazi, maana udongo wa Dodoma ukikauka vifusi vinaadimika na njia huzioni tena.

Wavu uliosalia unatosha tuta moja. Nitauweka chini ya mihogo, kwa kuwa inakaa ardhini muda mrefu kuliko viazi.