Mkopo wa Miezi 36

Fomu ya mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo ilikaa kwenye droo yangu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilikuwa nimeijaza yote, isipokuwa sahihi, wiki ile ile niliyotumwa Dar es Salaam kutoka Muheza kwenda kupimwa damu, kwa sababu nilihitaji fedha za kupaua nyumba ambayo kuta zake zilikuwa zimeshafika kwenye linta. Niliporudi nikijua kwamba nina saratani ya damu, sikujiuliza tena kama mshahara wa ualimu ungestahimili makato. Nilijiuliza kama mtu wa hali yangu anaruhusiwa kutoa ahadi ya miezi 36.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa malaria mara tatu, kwa kuwa nilitokwa na jasho usiku na kukonda. Matonge machache ya ugali yalinishibisha, na chini ya mbavu za kushoto nilipapasa kitu kigumu, ambacho kilikuja kujulikana kuwa ni bandama lililovimba. Chembe nyeupe za damu, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika maikrolita moja, kwangu zilikuwa 240,000. Daktari alinieleza kwamba ndani ya uboho wangu kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande, na kwamba kasoro hiyo ndiyo inayoufanya mwili uzalishe chembe hizo bila kikomo. "Mwalimu, ungeniletea ugonjwa huu kabla ya 2001, tungekuwa na mazungumzo mengine," alisema, akikusudia mwaka ambao imatinibu, dawa ya ugonjwa huu, iliidhinishwa nchini Marekani.

Mimi niliyashika maneno hayo kama kamba. Mke wangu ndiye aliyeuliza kama dawa hiyo inaponya. Aliambiwa kwamba kwa wagonjwa wengi inaudhibiti ugonjwa kwa miaka mingi, kwamba wapo inaowakataa, na kwamba nimo katika kundi lipi kingeonyesha kipimo cha kila baada ya miezi mitatu.

Dawa yenyewe ni miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Ilinivimbisha kope, ikanikaza misuli ya miguu usiku na kunitia kichefuchefu, nami nikaanza kuiruka siku ambazo nilikuwa na vipindi vingi. Shemeji yangu alileta mwarobaini, nikakatazwa; nilikatazwa hata balungi, kwa kuwa linaweza kuongeza kiasi cha dawa kinachobaki katika damu. Kipimo cha kwanza cha kuonyesha ile kasoro ya kromosomu imebaki kiasi gani katika damu, kilichofanywa kwa mashine ya aina ile ile inayopima kifua kikuu, kilitoa asilimia 14 badala ya 10 au chini yake. Daktari aliuliza kama nimeruka dozi. Nilikana, na mke wangu akanisahihisha palepale, mbele yake.

Tangu siku hiyo sijaruka. Asilimia ilishuka hadi 4, na kwenye mwaka wa kwanza ikawa 0.6, wakati iliyotarajiwa ni 0.1. Ni eneo la tahadhari: si pa kusherehekea, wala si pa kubadilishiwa dawa mara moja. Watu waliponiambia nimeshapona, nilikuwa nikinyamaza, maana matumaini yao hayakuwa na mahali pa kuweka ile 0.6. Nami nilikuwa nimejizoesha kuishi robo mwaka kwa robo mwaka, hata binti yangu aliponiuliza kuhusu ada ya mwaka unaofuata nilimjibu kwamba tutaona. Niliona ni busara. Leo naona kwamba nilikuwa nimewafungia na wenzangu ndani ya kalenda ya hospitali.

"Baba Asha, tofali zinanyeshewa," mke wangu aliniambia masika yalipoanza. "Mvua haijui vipimo vyako."

Nilikwenda ofisini kwa chama nikauliza jambo nililokuwa nimeliogopa: mkopaji akifa, deni humwangukia nani? Kumbe mkopo una bima, ila ugonjwa lazima utajwe. Niliutaja kwa maandishi, na kamati, baada ya kunirudisha mara mbili, ikanipa nusu ya fedha nilizoomba, kwa miezi 18, nikidhaminiwa na walimu wawili ambao niliwaeleza kila kitu kabla hawajatia sahihi. Mmoja wao aliomba siku mbili za kufikiri, na nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Bati zimepigwa. Makato kumi yameshapita, na katika muda huo nimepimwa mara tatu. Majibu ya mwisho yalikuwa 0.2. Mke wangu ameanza kuulizia bei ya dari. Nilimwambia tungoje majibu ya Oktoba, naye akaendelea kupima chumba kwa futi kamba kana kwamba hakunisikia.