Sekunde 90 za Mkaguzi zimetimia

Jana usiku zimetimia! Sekunde 90 kamili, watu 14 jukwaani, hakuna aliyetikisika. Wiki 3 nimepambana na onesho bubu la mwisho wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Gogol, muda mrefu kuliko tulioupa tendo zima la kwanza.

Mnajua lilivyo. Askari anaingia, anatangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika, mji mzima unaganda. Gogol kaandika kila mtu akaeje, na wabaki hivyo karibu dakika moja na nusu. Meya katikati kama nguzo, mikono kaitanua, kichwa nyuma. Mkuu wa posta awe alama ya kuuliza. Hakimu kachuchumaa nusura aguse sakafu, midomo kama anayetaka kupiga mluzi.

Hakimu ndiye aliyenitesa. Ikifika sekunde ya 40 mapaja yanatetemeka, mke wa Meya anamwona, anacheka, basi. Nikamwambia ahesabu kimoyomoyo: midomo ikahesabu pamoja naye. Nikaweka saa ya simu: wote wakawa wanasubiri mlio. Simu sizitaki tena mazoezini. Ngoma ikigongwa taratibu, pigo moja kwa pumzi moja, inashinda programu zote tulizojaribu. Usiku mmoja nilipunguza hadi sekunde 30, na roho iliniuma, maana sekunde za mwanzo ni za kicheko. Ukimya ukizidi ndipo mtazamaji anaanza kujiuliza anamcheka nani.

Kumbe kosa lilikuwa mwanzoni: walikuwa wanaukimbilia mkao. Sasa kila mmoja ana sentensi yake, na habari ya askari inamkatiza nayo mdomoni. Hakimu anakutwa akiinama kuokota barua ya Khlestakov, yule waliyemdhania ndiye mkaguzi. Amekalia kisigino cha nyuma, paja halibebi kitu. Macho ya kila mtu yana kipande chake cha utepe wa gundi ukutani cha kukodolea. Mke wa Meya hamwoni tena Hakimu.

Leo ilikuwa siku ya kupima makoti. Sikuyagusa. Jana tulipozima taa, moja ilisahaulika sakafuni, kivuli cha Meya kikapanda ukutani hadi darini na mikono yake yote miwili. Nimeshinda nikiihamisha taa ile. Taa zetu za LED za rangi zinatoa vivuli vitatu vilivyofifia. Balbu ya zamani ya wati 100 inatoa kimoja, cheusi tii. Kesho namfuata fundi umeme, nahitaji mbili zaidi.