Barabara Namba 20: Kutoka Saigon Hadi Bảo Lộc

Basi la vitanda lilivuka viwanda vya mkoa wa Đồng Nai, kusini mwa Vietnam, na tulipofika Dầu Giây likashika barabara namba 20 inayopanda milimani. Kuanzia Gia Kiệm makanisa yanafuatana. Mnara mmoja haujapotea dirishani, mwingine umeshachomoza. Uani kwa watu Bikira Maria amesimama kwenye pango dogo la saruji, chini yake pikipiki, pembeni nguo zimeanikwa. Wengi huku ni wazao wa Wakatoliki waliokimbia kutoka Kaskazini mwaka 1954, nchi ilipogawanywa.

Vietnam niliyoipenda kwanza ni ya mwongozaji wa filamu Trần Anh Hùng, ile filamu ya kijakazi mdogo na papai bichi iliyoshinda Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1993. Saigon yake ya 1951 ilijengwa yote studioni Bry-sur-Marne, karibu na Paris. Wapo wanaoikataa kwa hilo. Mimi siikatai: mwongozaji alikulia Ufaransa, akajenga alichokibeba moyoni. Kinachoniuma ni watazamaji wa mbali waliotaka Vietnam yote ibaki hivyo, kijani na kimya. Sisi wa pwani tunayajua hayo. Picha ya Zanzibar isiyo na jahazi wala machweo nani ataitaka?

Mwaka 2023 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Phạm Thiên Ân, mzaliwa wa huku milimani. Katika filamu yake, kijana mmoja anatoka Saigon na maiti ya shemeji yake aliyekufa kwa ajali ya pikipiki, pamoja na mtoto wa marehemu, kuwapeleka kijijini. Kuna tukio la zaidi ya dakika 20 lisilokatwa hata mara moja: kijana anakwenda kumlipa mzee mshona sanda, kamera inasogea taratibu hadi dirishani, mzee anasimulia vita. Mgeni hafafanuliwi chochote. Ukungu nao umo, na najua Ulaya waliushangilia. Lakini tulipofika mlima wa Bảo Lộc ulitushukia kweli, dereva akawasha taa mchana, na nikakumbuka kwamba katika filamu ukungu huo unampoteza mtu njia.

Bảo Lộc ni mji wa hariri. Kiwandani wanawake wanachokoa ncha za nyuzi kwenye maji ya moto, vidole vimekunjamana, na harufu ya viwavi waliochemshwa inaganda kooni. Natamani wanaochagua filamu za Vietnam kwa ajili ya matamasha wapande basi hili, tena mchana.